Leonardo da Vinci naye aliacha kazi za watu njiani

Leo tuongee kuhusu ile meseji. Unaijua. Ile unaandika saa saba usiku, unafuta, unaandika tena, unafuta. Inaanza kwa salamu ndefu kuliko kawaida, halafu kidole kinakataa kuendelea. Mkataba ni wa miezi sita, wewe uko wa tatu. Arbuni ulishapewa na ulishakula. Na sasa nyumbani kumetokea jambo ambalo haliwezi kungoja.

Mimi niliiandika mwaka jana. Nilikuwa nimeshika kibarua cha kuandikia kampuni fulani machapisho ya mitandaoni. Haikuwa ajira. Hakukuwa na bima wala likizo, ni kazi tu na tarehe. Kisha nyanya yangu akaanguka bafuni huko kijijini. Katika familia yetu, mtu asiye na ofisi ndiye huonekana hana kazi, na mimi chuo nilikiacha njiani, kwa hivyo hata kisingizio cha mtihani sina. Nikafunga keja, nikapanda gari la usiku. Ile meseji niliituma siku ya nne. Siku hizo zote simu ilikuwa ikilia, nami naiangalia tu pale mezani kama nyoka.

Nikiwa kando ya kitanda cha nyanya, bando likiwa la kuhesabu, nikaanza kusoma maisha ya Leonardo da Vinci. Nilitaka kusoma kuhusu mtu aliyefaulu, ili nijichukie vizuri. Nikapata mzee aliyeacha mikataba njiani karibu maisha yake yote. Nikakaa wima.

Acha nikusimulie, kwa sababu shuleni tunafundishwa tu kuhusu Mona Lisa na michoro ya ndege.

Leonardo alizaliwa Aprili 15, 1452, karibu na mji mdogo wa Vinci huko Italia. Hilo "da Vinci" si jina la baba. Ni kama vile mtaani mtu anaitwa Kamau wa Githurai. Baba yake, Piero, alikuwa notari, yaani mtu ambaye kazi yake ni kuandika mikataba ya watu na kuipa nguvu ya kisheria. Mama yake aliitwa Caterina, na Piero hakumuoa. Mtoto wa nje ya ndoa hangeruhusiwa kuingia chama cha manotari, kwa hivyo ile kazi ya ukoo ikawa imefungwa kwake tangu siku ya kwanza. Mimi hucheka kidogo nikifika hapo. Mzee alikuwa akipata mkate wake kwa kuandika mikataba, kijana akaja kupata jina la kutoimaliza.

Piero alimpeleka Florence kwa fundi mkubwa wa wakati huo, Andrea del Verrocchio, akasomea kazi hapo kwenye karakana. Mwaka 1472, akiwa na miaka 20, jina lake likaandikwa katika chama cha wachoraji. Kuanzia hapo angeweza kuchukua kazi zake mwenyewe. Alikuwa frilansa, kwa ufupi.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilitoka serikalini, Januari 1478: mchoro wa madhabahu ya kanisa dogo ndani ya jumba la serikali ya Florence. Machi akalipwa florini 25. Mchoro haukuwahi kuonekana. Watu wa serikali baadaye wakatafuta wachoraji wengine. Ukisikia mtu amekula nauli na hakufika, ndiyo hiyo.

Lakini ile iliyonifanya nishike kichwa ni ya mwaka 1481.

Nje kidogo ya kuta za Florence palikuwa na nyumba ya watawa iliyoitwa San Donato a Scopeto. Watawa hao walikuwa wakimtumia Piero kama notari wao, kwa hivyo bila shaka unaona konekisheni ilitoka wapi. Walitaka mchoro mkubwa wa madhabahuni, Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu. Machi 1481 wakakubaliana na Leonardo. Miezi 24, ikizidi sana 30.

Sasa sikiza malipo, na nakuomba usome polepole kama unayesoma masharti ya mkopo wa simu. Fundi mmoja wa matandiko ya farasi alikuwa amewaachia watawa shamba. Leonardo angepata theluthi moja ya shamba hilo. Hangeweza kuliuza kwa miaka mitatu, na watawa wakitaka kulikomboa wangempa florini 300. Juu ya hiyo, yeye Leonardo ndiye angetoa florini 150 za mahari ya msichana mmoja wa familia ya yule fundi. Kule kwao wakati huo mahari ilitoka upande wa bibi harusi, hivyo msichana asiye na pesa hakuolewa, na marehemu alitaka jambo hilo lishughulikiwe. Rangi ni juu ya mchoraji. Dhahabu ni juu ya mchoraji. Asipomaliza, anapoteza kile alichokifanya.

Piga hesabu. Hakuna hela taslimu mahali popote. Kijana wa miaka 28, asiye na mali, anatakiwa anunue vifaa mwenyewe, alipe mahari ya mtu asiyemhusu, kisha angojee miaka ndipo shamba ligeuke kuwa pesa. Na aliyekuwa karibu na kazi hiyo ni baba yake, mtu aliyejua mikataba kuliko samaki anavyojua maji.

Kufikia Juni watawa walilazimika kumkopesha florini 28 za kuanzia ile mahari, kwa kuwa alisema hana. Aliwapakia rangi saa ya nyumba yao, wakamlipa kwa kuni. Alichukua rangi kwa deni. Septemba 28 wakamwandikia pipa moja la divai nyekundu. Ni hayo madeni madogo madogo tu ndiyo yaliyo kwenye vitabu vyao vya hesabu. Leo wewe unaambiwa hatuna bajeti lakini tutakutangaza. Yeye aliambiwa hatuna florini, chukua kuni.

Na usidhani alikuwa amelala. Mchoro upo, unaonekana hadi leo. Ni mkubwa, karibu mita mbili na nusu kila upande. Maria ameketi katikati, na watu wamemzunguka kama umati uliokuja kuona ajali, wengine wanaficha nyuso, wengine wanavuta shingo. Nyuma kuna ngazi za jumba lililobomoka na farasi wanaopigana. Kila kitu ni cha rangi ya kahawia na manjano, kama picha iliyoachwa juani, kwa sababu rangi zenyewe hazikuwahi kuwekwa. Alisimama kwenye hatua ya msingi.

Kwa nini? Hebu tazama maisha yake mwaka huo. Baba yake, baada ya ndoa mbili bila mtoto, alipata mwana wa ndoa mwaka 1476, na wengine wakafuata. Leonardo akawa si hata yule kijana wa pekee tena. Oktoba 1481, Papa Sixtus wa Nne aliajiri wachoraji wa kupamba kuta za kanisa lake jipya kule Roma, lile tunaloliita Sistine. Botticelli akaenda. Ghirlandaio akaenda. Perugino na Rosselli wakaenda. Hao walikuwa wenzake, watu wa rika lake, wengine walipita karakana moja na yeye. Yeye hakuitwa. Umewahi kuona picha za wenzako wa darasa wakiwa uwanja wa ndege, nawe uko kwa mkeka unangojea stima irudi? Basi.

Mwaka 1482 hivi alifunga vitu vyake, akaenda Milan. Alikuwa anakaribia au amefika miaka 30. Aliacha mchoro kwa watu wa ukoo wa Benci, marafiki zake. Watawa hawakubaki hata na ubao wenyewe.

Mimi nimefikiria sana kuhusu hao watawa. Tukisimulia habari za watu wakubwa, wateja wao huwa wanageuka watu wa kuchekwa, kwamba hawakujua walikuwa na nani. Lakini wao walikuwa na madhabahu tupu. Walikaa nayo tupu hadi 1496, ndipo Filippino Lippi alipowaletea mchoro wa Mamajusi aliouanza upya na kuumaliza. Miaka 15 tangu mkataba wa kwanza! Mkataba ulikuwa mbaya, ndiyo, na Leonardo angepaswa kuukataa siku ya kwanza. Lakini waliolipia kuondoka kwake hawakuwa tu wale walioandika masharti. Kila aliyeingia kanisa hilo kusali aliona ukuta.

Leo ukienda Florence, jumba la Uffizi lina michoro yote miwili, wa Leonardo usiokwisha na wa Filippino uliokwisha. Nitakuacha ukisie ni upi watu wanaupanga foleni. Maisha hayana haki, na Filippino angekuwa wa kwanza kukuambia.

Milan, Leonardo alifika akiwa na kitu kinachofanana na CV. Ni barua kwa mtawala Ludovico Sforza, yenye orodha ya mambo anayoweza: madaraja ya kubebeka, mizinga, magari ya vita yaliyofunikwa. Kuchora kunakuja mwishoni kabisa, kama vile wewe unavyoweka kompyuta kwenye mstari wa mwisho baada ya uongozi na kufanya kazi chini ya shinikizo. Alikaa huko hadi 1499. Hapo ndipo alipochora Karamu ya Mwisho, na hiyo aliimaliza. Nalitaja kwa haraka ili usiseme namchafulia jina.

Huko pia mteja ndiye aliyemwacha njiani. Ludovico alitaka sanamu kubwa ajabu ya farasi, ya shaba, kwa heshima ya baba yake. Leonardo alihangaika nayo kwa miaka mingi, na mwaka 1493 mfano wa udongo ukawa tayari, watu wakaushangaa. Mwaka uliofuata vita vikaja, na shaba iliyowekwa kwa ajili ya farasi ikapelekwa kutengenezwa mizinga. Wafaransa walipoingia mjini mwaka 1499, wapiga mishale wao wakautumia ule udongo kama shabaha. Kwa hivyo alijua pia jinsi inavyouma ukiwa upande ule mwingine.

Kitu kingine cha Milan kilinifanya niweke simu chini. Julai 1493 aliandika kwenye daftari lake kwamba Caterina amefika. Wanahistoria wengi wanaamini huyo ni mama yake, yule aliyeachana naye akiwa mtoto, sasa mzee, amekuja kukaa kwa kijana wake. Baada ya mwaka mmoja au miwili hivi, kuna ukurasa mwingine wenye hesabu za mazishi yake: nta ya mishumaa, wabebaji wa jeneza, makasisi, wachimba kaburi. Kila kitu na bei yake. Huyu ni mtu aliyekuwa na deni la michoro kila mji aliopita, na hapo ameandika hadi senti ya mwisho. Hakuna neno la huzuni, ni hesabu tu. Nyanya alikuwa amelala, nami nilikuwa na daftari langu la kuandika dawa na saa zake, na sikutaka kusoma zaidi usiku huo.

Tuendelee. Mwaka 1500 Leonardo alirudi Florence, na sasa ni mtu wa jina. Serikali ikampa kazi ambayo kila mchoraji aliitamani: kuchora Vita vya Anghiari kwenye ukuta wa ukumbi mkuu wa baraza. Mei 1504 wakatiliana sahihi, na aliyekuwa shahidi kwa niaba ya serikali ni Niccolò Machiavelli, ndiye huyo unayemjua. Wakati huu masharti yalikuwa ya watu wenye akili. Florini 15 kila mwezi. Mwisho ni Februari 1505. Ikifika hapo hajamaliza, wanaweza kumdai arudishe pesa zote, na mchoro wa kielelezo utakuwa mali yao. Inaonekana walikuwa wamewauliza wale watawa.

Ukuta wa pili katika ukumbi huohuo walimpa kijana mmoja aliyekuwa akipanda kwa kasi, Michelangelo. Hebu fikiria ofisi moja, wewe na mtu usiyemwelewa, kila mmoja na ukuta wake. Michelangelo aliishia kwenye kielelezo cha karatasi, kisha Papa Julius akamwita Roma mwaka 1505, naye akaenda. Leonardo alifika hadi kupaka rangi ukutani, lakini alikuwa akijaribu njia mpya ya mafuta, na kazi ikamharibikia mikononi.

Julai 1504, miezi miwili tu baada ya sahihi, baba yake alifariki. Leonardo aliandika tarehe na saa ya kifo, na idadi ya watoto aliowaacha, wa kiume kumi na wa kike wawili. Piero hakumwachia kitu.

Halafu ikaja Mei 1506. Kule Milan palikuwa na deni la zamani. Mwaka 1483 yeye na ndugu wawili wa ukoo wa de Predis walikuwa wamechukua kazi ya chama kimoja cha waumini, mchoro tunaouita Bikira wa Miambani, na ugomvi wa malipo ukawa haujaisha zaidi ya miaka 20 baadaye. Aprili 1506 wasuluhishi waliamua kwamba kazi haijakamilika na Leonardo akaimalizie. Pia gavana wa Wafaransa huko Milan alikuwa akimtaka. Kwa hivyo alilazimika kuacha mkataba mmoja kwa sababu ya mwingine aliouacha ujanani. Ukikwepa mteja wa Jumatatu, Ijumaa utamkuta mlangoni, na utakuwa na mteja mwingine ndani.

Lakini angalia alivyotoka safari hii. Hakuingia mitini. Aliomba ruhusa. Serikali ikampa miezi mitatu, kwa maandishi, na akikosa kurudi atalipa florini 150. Hiyo ndiyo barua ya likizo ya frilansa, miaka 500 kabla yetu.

Miezi mitatu ikaisha. Gavana akaomba aongezwe muda. Oktoba 1506, kiongozi wa Florence, Piero Soderini, akajibu kwa hasira kwamba Leonardo amechukua pesa nyingi na kuanza kidogo tu, na kwamba hakuwatendea haki. Soma habari hiyo kama mteja, utaona hana kosa. Januari 1507 mfalme wa Ufaransa mwenyewe, Louis wa 12, akawaambia watu wa Florence kwamba anamtaka mchoraji huyo. Mji mdogo utabishana na mfalme mwenye jeshi jirani? Wakanyamaza.

Hapo ndipo mimi na wewe tunaachana na Leonardo. Yeye alikuwa na mfalme wa kumwandikia barua. Sisi tuna namba moja ya simu, na wateja wanaojuana katika kikundi kimoja cha WhatsApp. Ukichoma picha kwa mmoja, wa saba hajibu salamu zako. Usije ukasema uliacha kazi ya mtu kwa sababu hata da Vinci aliacha. Da Vinci alikuwa da Vinci, na hata yeye alilaumiwa hadharani.

Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Italia mwaka 1550, anasimulia kwamba Leonardo alipoambiwa amemtapeli Soderini, aliwazungukia marafiki zake, wakachanga, akakusanya pesa zote alizokuwa amepokea, akampelekea. Soderini akakataa kuzipokea. Vasari alipenda hadithi nzuri, kwa hivyo sitakuapia. Lakini mimi naiamini, na nitakuambia ni kwa nini. Mtu anayeandika bei ya mishumaa ya mazishi ya mama yake hawezi kuwa hakujua anadaiwa. Nadhani alijua kila florini. Kujua unadaiwa na kuwa na uwezo wa kumaliza ni vitu viwili, na wengi wetu tunaishi katikati yake.

Mwaka 1507 alirudi Florence kwa muda, na si kwa ajili ya ukuta. Mjomba, au tuseme baba mdogo, Francesco, yule aliyempenda tangu utotoni, alikuwa amefariki na kumwachia mali, nao ndugu zake wa baba wakaenda kortini kuipinga. Kesi ya urithi! Angekuwa Kenya angejua kabisa ukumbi wa kungojea unavyonuka. Safari hii alikuwa ameacha kazi Milan ili aje kwa mambo ya familia. Ukuta wa Anghiari ulibaki nusu, watu wakija kuuiga kwenye karatasi zao, hadi Vasari huyohuyo alipokuja kupaka michoro yake ukumbini humo miaka ya 1560.

Ule mchoro wa Milan, Bikira wa Miambani, ulifungwa mwaka 1508. Miaka 25 tangu mkataba. Wakalipana, wakaachana.

Kuhusu Mona Lisa ni hadithi ya wiki moja. Francesco del Giocondo, mfanyabiashara wa hariri wa Florence, alitaka picha ya mke wake, na mwaka 1503 Leonardo alikuwa ameianza. Aliibeba alikokwenda, akiigusa hapa na pale. Alipohamia Ufaransa kwa mwaliko wa mfalme Francis wa Kwanza, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60, picha ilikuwa kwenye mizigo. Alifariki Mei 2, 1519, katika nyumba aliyopewa na mfalme karibu na ngome ya Amboise, akiwa na miaka 67. Leo picha iko Louvre, Paris, nyuma ya kioo. Mzee Giocondo hakuwahi kuitundika sebuleni mwake.

Mimi, nilipomaliza kusoma, nilienda nyuma ya nyumba mahali penye mtandao, nikaituma ile meseji. Niliandika mistari minne tu. Kwamba nyanya ameanguka, kwamba sitarudi kabla ya mwezi kuisha, kwamba kazi iliyobaki ni ya wiki tisa, na kwamba arbuni ya wiki hizo nitarudisha kwa M-Pesa mara tatu. Nilitarajia matusi. Nilikuwa nimeshajitayarisha hata jibu la matusi.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi, nikiwa nampashia nyanya uji. Halikutaja pesa. Bosi alitoa pole, halafu akauliza faili ziko wapi, kwa sababu kuna msichana mwingine anaanza Jumatatu na hajui aanzie wapi.

Faili zilikuwa kwenye kompyuta yangu, kejani Nairobi, nyuma ya kufuli.